Ng'ombe wa Nyirabeza

Kama nyumba ya Nyirabeza ingeshika moto, angekukaribisha kwanza ukae, akumiminie chai ya maziwa, akuulize habari za watoto, ndipo akuambie kwa sauti ya chini kwamba labda mngehamia nje. Ndivyo walivyomlea kule milimani kwa Wanyamulenge, na miaka ya kambini Burundi haikumtoa tabia hiyo, wala Amerika haijamtoa. Mimi Cibalonza nilizaliwa Bukavu, na kwetu mtu akiumwa jino mtaa mzima unajua. Ndiyo maana mimi na yeye tukigombana, tunagombana vizuri.

Tunakaa katika nyumba moja ya mbao, kwenye barabara ndogo inayotokea Bailey Avenue, hapa Buffalo. Mimi na binti yangu Aksanti tuko chini. Nyirabeza na mama yake mzazi, Bibi Bamurange, wako juu. Nyirabeza ni mjane, na kwa jina la mwanawe tunamwita Mama Gasore. Anafua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kusimama tangu asubuhi, na akirudi jioni hupanda ngazi mgongo umenyooka, utadhani anatoka kukagua mashamba yake. Wakongomani wenzangu fulani kanisani walininong'oneza, "Utaweza kukaa na Mnyamulenge juu ya kichwa chako?" Niliwajibu kwamba juu ya kichwa changu kuna dari, na juu ya dari kuna mtu anayesali kuliko wao. Kule nyumbani tulifundishwa kuogopana. Hapa tunagawana ngazi moja na pipa moja la takataka, na hofu hiyo sioni pa kuiweka.

Nyumba za huku zina chumba chini ya ardhi, na humo zimo hita mbili, yangu na yake, kila moja na gesi yake na bili yake. Baridi ikija zinanguruma kwa zamu. Mwaka ule theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, nami nilikuwa naanika nguo huko chini, nikagundua kwamba hita yangu inanguruma peke yake. Nikaigusa ya Nyirabeza. Ilikuwa baridi, na vumbi limekaa juu yake bila wasiwasi.

Nilipanda moja kwa moja nikabisha. Ndani nikasikia purukushani, kitu kinavuliwa haraka. Mlango ulipofunguka, Nyirabeza alikuwa amesimama katika blauzi ya mikono mifupi, anatabasamu, na koti lake limetupwa kwenye kiti, mkono mmoja umegeuka ndani nje. Alikuwa amelivua ili nisijue kwamba anasikia baridi. Lakini Bibi Bamurange alikuwa mzee mno kwa michezo hiyo. Alikaa mbele ya kihita kidogo cha umeme, kofia ya sufu kichwani, koti mwilini, blanketi juu ya koti, na kikohozi chake kilitoka mbali.

"Karibu, Mama Aksanti. Ikala kwa kiti. Nikupe chai?"

"Sitaki chai. Hita yako haiko inafanya kazi. Juu ya nini?"

"Iko inapumzika kidogo."

"Bon, ipumzike. Na mama yako, naye iko anapumzika? Sikia vile anakohoa!"

"Tuko muzuri. Mungu iko anatusaidia."

"Mungu hakukata gesi, Mama Gasore. Nani alikata?"

Alinimiminia chai hata hivyo. Niliinywa kwa hasira, na ilikuwa tamu, jambo lililonikasirisha zaidi. Kisha akaanza kusema, polepole, akitazama kikombe changu badala ya uso wangu.

Gesi ilikatwa miezi ya jua, kabla baridi haijaanza. Kazini walikuwa wamempunguzia saa, naye akaona heri alipe kodi ya nyumba na gesi isubiri, kwa kuwa nani anahitaji moto kwenye jua? Hakumwambia mtu. Zaidi ya wote hakumwambia Gasore, mwanawe wa pekee. Gasore anakaa Louisville, mtaa wa Highview, anapakia vifurushi kwenye ghala, na alikuwa anaweka pesa kwa ajili ya kumwoa Uwera, binti wa mzee Rurangwa wa Columbus. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yameshapangiwa siku. Mama angesema neno moja tu la gesi, kijana angetuma pesa yote, na harusi ingelala.

"Na ile aide, musaada ya serikali?" nikamuuliza. "Ile ya kulipia batu gesi? Kila mwaka batu banapewa!"

"Niliomba," akasema. "Walinikatalia."

"Juu ya nini?"

Hapo akainama. "Juu ya ng'ombe."

Nilifikiri baridi imemwingia kichwani. Lakini hapana, habari ndiyo hiyo hiyo, na nitakusimulia kama alivyonisimulia.

Alikuwa amepiga simu kuomba msaada wa dharura, ule wanaopewa waliokatiwa. Ofisi ikamtafutia mkalimani wa Kinyamulenge kwa simu. Wakalimani wa lugha hiyo ni wachache, unaweza kuwaweka wote kwenye benchi moja la kanisa. Huwa hawatoi jina, wanatoa namba. Sauti ikataja namba yake, ikamsalimia, na Nyirabeza akaitambua. Ilikuwa sauti ya Rurangwa, baba yake Uwera, ambaye wiki chache nyuma alikuwa amesali kwa simu hiyo hiyo kubariki uchumba wa watoto. Yeye naye bila shaka alimjua. Hakuna aliyesema.

Sasa uelewe watu wao. Kwa Wanyamulenge, mzazi wa kijana na mzazi wa msichana wanaheshimiana kiasi kwamba hata kula mbele ya mwenzako unakula kwa adabu. Na huyu mama anaulizwa, kwa kinywa cha mkwe wake, kama nyumba yake ina joto. Akajibu, "Tunamshukuru Mungu, hatukosi." Kuna mtu wa kukusaidia? "Mwanangu hawezi kuniacha." Una mali yoyote, akiba, kitu cha kuuza? Naye, badala ya kusema hapana kama mtu mwenye akili timamu, akanyoosha shingo na kusema, "Tuna ng'ombe." Ng'ombe wangapi? "Kwetu hatuhesabu ng'ombe." Na kweli hawahesabu, ni mwiko, ukihesabu unawaitia mabaya. Sauti ikatafsiri yote bila kuacha kitu. Mfanyakazi wa ofisi akaandika alichoambiwa. Jibu likaja: mama huyu ana mali isiyo na idadi, dharura hana.

"Ng'ombe gani?" nikauliza. "Ile ya milimani? Ile walichukua?"

"Njo hiyo."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Ng'ombe wale waliondoka na watu wenye bunduki kabla hajakimbia, na mume wake aliyewafuata hakurudi. Kisha nikaona hacheki, nami kicheko kikageuka hasira, hasira ya kweli, na sikujua nimkasirikie nani, yeye, au Rurangwa, au hao wenye bunduki.

"Donc umeambia wazungu uko tajiri, na mama yako iko analala na koti!"

"Ningesema nini? Ni mukwe! Aseme mutoto yake anaingia kwa batu ya njala?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hiyo ni mezali ya kwenu Bashi?"

"Ni ya kila mutu iko na mama anakohoa!"

Nikamwambia washuke wote wawili wakalale kwangu. Akakataa, akasema hawawezi kunisumbua, na kwamba kihita kinatosha. Ndipo Bibi Bamurange, ambaye tulidhani hasikii, akasimama na blanketi lake. Kinyamulenge ninakielewa hata kama ulimi wangu unakataa kukisema, na alisema hivi: "Mimi nashuka. Heshima yenu haina joto." Akaanza kushuka ngazi, nasi tukamkimbilia kumshika mkono.

Tulifanya mpango kabla ya kulala. Mtu akikataliwa ana haki ya kurudi na kueleza upya. Hilo nalijua, maana mimi nikikataliwa kitu huwa nakaa mlangoni mpaka wanikumbuke. Tungeenda wenyewe ofisini, naye angeomba mkalimani wa Kiswahili. Wa Kiswahili ni wengi, Warundi, Wakenya, Watanzania, na hakuna hata mmoja anayejua Gasore anamwoa nani. Angesema ukweli kwa mgeni, gesi ingerudi, Rurangwa angebaki na ng'ombe wake wa hewani. Nyirabeza aliupenda mpango huo. Nami niliupenda, kwa kuwa ulikuwa wangu.

Ofisini tulipokewa na mama mmoja aitwaye Angelika, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Kabla hatujakaa vizuri alikuwa ameshaona kwenye kompyuta kwamba huyu anazungumza Kinyamulenge, na ameshapiga simu. Ikalia mezani, sauti imefunguliwa wote tusikie. Namba ikatajwa. Nilimwona Nyirabeza akikamata mkoba wake kwa mikono miwili, nikajua ni nani.

"Sema Kiswahili!" nikamnong'oneza. "Mwambie abadilishe!"

Lakini sauti ilitangulia. Ilisema kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kinyamulenge, kwamba mkalimani anamfahamu mama huyu, wanatoka jamii moja, na sheria ya kazi inamtaka aseme hivyo. Kama mama anapenda, atafutiwe mwingine bila ubaya wowote. Mara ya kwanza hakusema hayo. Sasa aliyasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. Angelika akamgeukia Nyirabeza kuuliza kama abadilishe.

Mlango ulikuwa wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, na yote yangeisha vile tulivyopanga. Nikamfinya paja. Akautoa mkono wangu, akanyoosha mgongo kama anavyopanda ngazi, na kusema kwa lugha yake, "Hapana. Aendelee. Uongo niliusema mbele yake, na ukweli atausikia yeye." Kisha kwangu, kwa Kiswahili: "Na weye, wacha kunifinya."

Halafu akaanza. Nimesikia wahubiri wengi, na wengine wana vipaza sauti, lakini sijasikia kitu kama kile.

"Andika hivi, mama. Sina ng'ombe hata mmoja. Walichukuliwa na watu wenye bunduki, mume wangu akawafuata, akabaki huko. Wa mwisho aliitwa Bihogo, na Bihogo naye hayupo. Sina gesi. Mama yangu analala na koti. Mwanangu anafanya kazi, ndiyo, na pesa yake ni ya kuoa, na sitaigusa."

Sauti ilitafsiri. Kwenye neno la kuoa ilikwama kidogo, ikajikohoza, ikalisema.

"Na andika hili pia. Sikuja kuomba sadaka. Ninakunja mashuka ya wazee wa mji huu mpaka vidole vinavimba, na kila nikilipwa serikali inakata yake kabla sijaigusa. Sijawahi kuuliza inaenda wapi. Leo nauliza. Msaada huu umewekwa kwa mtu mwenye nyumba baridi. Nyumba yangu ni baridi. Niliona haya kusema, na haya yangu ilitaka kuniulia mama. Sioni haya tena. Na wewe unayetafsiri, usipunguze neno."

"Sijapunguza, mama," sauti ikajibu, kwa Kinyamulenge, taratibu.

Angelika aliandika kwa muda mrefu. Aliuliza maswali ya kawaida, ya mshahara na ya nani anakaa nyumbani, na Nyirabeza akayajibu moja moja bila kupamba. Mwishoni akasema ataifungua kesi upya kama dharura, kisha akavaa miwani yake, akamtazama Bibi Bamurange kwenye picha ya simu niliyomwonyesha, na kofia yake, akasema tusingoje, siku hiyo hiyo ataipeleka.

Mimi nilitoka pale nataka kucheza. Nyirabeza alifika kituo cha basi akaanza kulia, waziwazi, mbele ya watu, yeye ambaye hata kupiga chafya huomba radhi.

"Nimeuzisha ndoa ya mutoto yangu, Mama Aksanti. Nimeiuzisha kwa gesi."

"Mwanaume mwenye kukatala mutoto yako juu ya gesi, afadhali umujue sasa," nikamwambia. Nilisema kwa ukali, kisha nikageuka kutazama kama basi linakuja. Kijana alikuwa anampenda yule msichana.

Gesi ilirudi. Fundi alikuja, akashuka chini, na muda si mrefu hita yake ikanguruma pembeni ya yangu. Bibi Bamurange alipanda juu kwao, akaketi, akangoja, kisha akavua kofia ile ya sufu kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze, akajikuna kichwa na kuitisha maziwa.

Columbus ilinyamaza. Rurangwa hakupiga simu. Gasore alipiga, mwenye furaha, siku ni ile ile, mama jiandae. Hakujua lolote. Nyirabeza akaanza kuwaza kwamba mzee anangoja watu wajae ndipo awaaibishe. Mimi nilimwambia mkalimani haruhusiwi kutangaza siri za watu, naye akaniambia kwamba baba wa msichana anaruhusiwa kukataa bila kusema sababu. Njia yote mpaka Columbus, mimi nikiwa na sufuria la sombe, yale majani ya muhogo, mapajani, alikaa na koti lake limefungwa mpaka shingoni.

Nyumba ya Rurangwa iko mtaa wa Linden, ndogo, na sebule ilijaa mpaka ukutani. Wote walivua makoti mlangoni. Nyirabeza hakuvua. Alikaa upande wa wanawake, karibu na mlango, mkoba mkononi, tayari kuondoka. Msemaji wetu alikuwa Kagabo, shemeji yake, aliyekuja na Gasore kutoka Louisville, mtu mwenye kinywa cha asali. Siku hizi mahari inalipwa kwa dola na kila mtu anajua, lakini maneno bado ni ya ng'ombe, ndiyo desturi. Kagabo akaenda mbali kuliko desturi. Akasema tunatoka nyumba ya ng'ombe, na kwamba mpaka leo wako milimani wanakula majani, weusi na wekundu, na mkipenda tutawaletea hata picha. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nilimtazama Rurangwa. Alikuwa ameinamia zulia, uso hauna kitu. Alijua. Akitaka, angeuacha uongo upite na ndoa ipite nao, na hakuna mtu chumbani angepata kujua.

Nyirabeza akasimama. Wanawake hawasimami katika mazungumzo yale, na Kagabo akakohoa kwa nguvu, lakini yeye alikuwa ameshasimama.

"Shemeji, asante, kaa," akasema kwa lugha yao. "Ng'ombe hatuna. Walichukuliwa wote, na kila mtu hapa anajua walivyochukuliwa, maana na wenu walichukuliwa hivyo hivyo. Baridi hii nilikatiwa gesi, na msaada wa serikali ndio ulioniwashia moto. Sioni haya kwa hilo. Huyu ni Gasore. Anafanya kazi, hanywi, na anampenda Uwera. Anayemtaka, amtake hivi alivyo. Anayetaka ng'ombe, akawadai waliowachukua."

Gasore alikuwa amefungua mdomo. Habari ya gesi alikuwa anaisikia pale. Kagabo alikaa. Mimi, mwenye domo kubwa, nilitamani kuingia ndani ya sufuria la sombe.

Rurangwa alinyanyuka polepole, akishika goti.

"Kazi ninayofanya inanifunga," akasema. "Ninayoyasikia kwenye simu, ni kama sikuyasikia. Mke wangu mwenyewe sijamwambia." Akamgeukia Nyirabeza, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. "Lakini leo umesema sebuleni kwangu, mama. Sasa ninaruhusiwa kusikia. Mara ya kwanza niliona haya pamoja nawe, nikanyamaza, na mama yako akakohoa kwa ajili ya haya zetu. Nisamehe."

Kisha akaonyesha tundu la hewa lililokuwa sakafuni, karibu na miguu ya wazee. "Na joto hilo linalowapuliza tangu mmefika, limelipwa na msaada ule ule. Nilikuwa nawaficha. Kagabo, tuendelee, na safari hii tuseme tulicho nacho."

Gasore akavuka chumba, akapiga magoti mbele ya mama yake. Nyirabeza alimgusa kichwa, akakaa, akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akalivua na kulikunja vizuri mapajani kama shuka za kazini. Safari hii alilivua kwa kuwa alikuwa anasikia joto.